Ganda tupu la risasi: mkono, mashine na hesabu ndefu ya Kisangani

Mwezi wa nane 1886, kituo cha Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kilianguka mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili. Walinzi wake hawakukosa bunduki. Hata mizinga walikuwa nayo. Kilichowaishia ni masasi. Mkuu wa kituo, Mwingereza Walter Deane, na msaidizi wake Mbelgiji Dubois, walipigana siku kadhaa pamoja na askari Wahausa na Wabangala. Masasi yalipofika mwisho askari wengi wakashuka mto kwa mitumbwi, na wale wachache waliobaki wakatia kituo moto na kukimbilia porini. Dubois alikufa majini. Deane alijificha kando ya mto kwa majuma, hadi Camille Coquilhat alipopanda kwa meli kutoka Bangala na kumwokoa.

Ardhi ya kile kituo ilibaki imejaa maganda matupu ya shaba. Hakuna mtu pale aliyekuwa na chombo cha kuyajaza tena. Bunduki za kisasa za wakati ule ziligeuka kuwa marungu ghali. Wale waliowashambulia wengi walikuwa na magobori, bunduki za kushindilia kwa mdomo, ambazo Wazungu walizicheka. Lakini gobori halihitaji ganda. Linataka baruti, kipande chochote cha chuma au risasi, na jiwe la cheche au fataki. Siku zile hapa mtoni, silaha ya zamani ilidumu kuliko ya kisasa, na sababu yake ilikuwa hilo ganda dogo.

Wengi katika Tshopo wameona maganda ya risasi chini, njiani, shambani, katika kiwanja cha shule. Wachache wamewahi kuambiwa ni kitu gani na kina historia gani.

Risasi kamili ina vitu vinne: ganda, fataki kwenye kitako chake, baruti ndani, na kichwa kinachoruka, au marisau kama ni ya bunduki ya kuwindia ndege na wanyama wadogo. Bunduki inapopigwa, vitu vitatu vinakwisha. Ganda linabaki. Ni sehemu ya bei kuliko zote na ngumu kuitengeneza kuliko zote, na ndiyo sehemu pekee inayoweza kutumika mara ya pili. Lakini moto umelinenepesha, mdomo wake umetanuka na umerefuka kidogo, fataki imekufa, masizi yamejaa ndani. Kabla halijarudi kazini lazima liandaliwe. Tangu karne ya 19 mafundi wa nchi nyingi wanabishana kama kazi hiyo ifanywe kwa mkono au kwa mashine.

Ukanda huu uliujua ubishi huo kabla haujawa mchezo wa mtu mwenye nafasi. Mwezi wa pili 1887, huko Zanzibar, Tippu Tip alikubaliana na Stanley kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, na kutoa wapagazi 600 kwa safari ya kumfuata Emin Pasha. Katika mapatano hayo wapagazi wangekuja na bunduki zao, na upande wa Stanley ungetoa baruti na fataki. Baadaye pande mbili ziligombana vibaya: Tippu Tip alisema baruti haikuletwa kama ilivyoahidiwa, Stanley akamwita mdanganyifu. Kosa lilikuwa la nani, watu wa historia hawajamaliza kulijadili. Lakini ukiangalia karatasi yenyewe unaona kwamba watu wenye akili ya biashara hawakugombania mitutu. Waligombania kile kinacholiwa na mtutu kila siku.

Upande wa mashariki, Buganda, mafundi walijaribu kuvunja utegemezi huo. Kisule, fundi wa bunduki wa Kabaka, alisifiwa hata na Lugard, Mwingereza aliyekuja kuitia nchi ile chini ya bendera ya Uingereza: alitengeneza springi mpya na kurekebisha silaha iliyovunjika kwa ustadi uliomshangaza mgeni. Magharibi kabisa ya Afrika, Samori Touré alikwenda mbali zaidi. Mafundi wake wahunzi waliiga bunduki ya Kifaransa aina ya Gras, sehemu kwa sehemu, kwa nyundo na tupa. Walitengeneza pia risasi zake pamoja na maganda. Wanahistoria wametaja bunduki kama 12 kwa juma na risasi 200 hadi 300 kwa siku.

Hesabu hiyo inafaa kusimama juu yake kidogo. Risasi 300 kwa siku, mamia ya wahunzi wakitoka jasho. Kikosi kimoja cha Wafaransa kingeweza kuzimaliza asubuhi moja. Samori alikamatwa 1898 na akafa uhamishoni Gabon 1900. Mafundi wake hawakushindwa kwa ujuzi. Bunduki zao zilipiga. Walishindwa na mashine ya kukandamiza shaba iliyokuwa Ulaya, ambayo haikulala wala kuugua.

Kazi ya mashine hiyo ni hii. Shaba njano, yaani shaba sehemu 70 na zinki sehemu 30, hukatwa vipande vya duara kama sarafu. Kila kipande hukandamizwa kiwe kikombe, kisha kikombe huvutwa kirefuke, mara moja, mara mbili, mara tatu. Kila mvuto unaifanya shaba iwe ngumu na karibu kupasuka, kwa hiyo katikati inapashwa moto ilainike. Mwisho kitako hupigwa muhuri na tundu la fataki. Fundi wa mkono akitumia nyundo hawezi kupata ukuta wa unene mmoja pande zote, na ganda lenye ukuta usio sawa hupasuka upande mwembamba. Ndiyo sababu kutengeneza ganda jipya kwa mkono kulikuwa vita ya kushindwa. Kuliandaa tena ganda la kiwandani ni jambo jingine, na hapo mkono ulikuwa na nafasi.

Marekani ndiko nafasi hiyo ilikotumika sana. Wawindaji wa nyati waliokaa mbali na miji waliokota maganda yao na kuyarudisha kazini jioni kando ya moto. Jeshi la nchi hiyo nalo liligawa vyombo vya kujazia upya kwenye ngome za mbali ili askari wafanye mazoezi kwa gharama ndogo. Mwaka 1884 John Barlow alifungua kampuni ya Ideal huko Connecticut, akauza chombo mfano wa koleo: mikono miwili ya chuma inayobanwa kwa kiganja, yenye sehemu ya kutoa fataki kuukuu, ya kuweka mpya, ya kurudisha mdomo wa ganda kwenye kipimo. Kiliingia mfukoni. Kampuni ya Lyman iliinunua kazi hiyo mwaka 1925, na koleo la aina hiyo liliendelea kuuzwa miaka mingi baadaye.

Kazi ya koleo ni polepole, na polepole hiyo ina faida. Ganda likiwa limechoka, mkono unajua kabla ya jicho. Linaingia katika kipimo kwa urahisi mno, au linakwama mahali ambapo wenzake hawakukwama. Fataki mpya ikiingia bila kusukumwa, tundu limepanuka, na ganda hilo ni la kutupa. Ukipitisha ukucha shingoni unaupata ufa ambao taa haiuonyeshi. Wazee wa kazi hiyo huko Ulaya na Marekani husema ganda moja hupita vidoleni mara nyingi kabla halijajazwa, na kila mara ni ukaguzi.

Kisha ikaja mota. Kwanza mashine za kutikisa, zinazosafisha maganda mamia kwa pamoja ndani ya punje za mahindi zilizosagwa au maganda ya karanga ngumu. Halafu mashine za umeme za kukata urefu, za kusawazisha mdomo, za kusafisha tundu la fataki. Na hata mashine inayofanya yote kwa mzunguko mmoja, ganda likiingia chafu upande huu na kutoka risasi upande ule. Kwa mtu anayepiga risasi nyingi kwenye uwanja wa michezo, faida iko wazi: kazi ya jioni tatu inaisha kwa saa moja, viungo vya vidole havivimbi, na kila ganda linapata urefu uleule.

Hasara haionekani haraka. Mota haijui kwamba ganda la kumi na saba lina ufa. Linalikata sawasawa na kulipitisha. Kipimo kikiwekwa vibaya, mkono unaharibu ganda moja kabla ya kushtuka, mota inaharibu ndoo nzima. Na kuna vumbi. Masizi ya fataki mara nyingi yana madini ya risasi, yaani ile sumu inayoharibu akili ya mtoto, na mashine ya kutikisa huyarusha hewani ndani ya nyumba. Wanaojali afya yao siku hizi huosha maganda kwa maji, ambayo ni kurudi nusu ya njia kwenye ufundi wa zamani.

Ukweli ni kwamba ubishi wenyewe, mkono au mota, ni ubishi wa watu wenye umeme. Kisangani ina bwawa lake la Tshopo tangu wakati wa Wabelgiji, lenye mashine tatu, na wakaaji wa Makiso, Mangobo na Kabondo wanajua ni mara ngapi zote tatu huzunguka kwa pamoja. Fundi wa kuchomelea anayeacha kazi saa tano asubuhi kwa kukosa mkondo hahitaji kuelezwa kwa nini tupa na nyundo hazijaondoka mezani pake.

Lakini kuna chombo kimoja ambacho mkono haukukishinda popote, na ni kidogo kuliko punje ya mahindi: fataki. Mwaka 1866 watu wawili walipata njia mbili za kuiweka kwenye kitako cha ganda. Njia ya Edward Boxer, afisa Mwingereza, inaacha tundu moja katikati ya kitako, na fataki iliyokufa inasukumwa nje kwa sindano ya chuma. Njia ya Hiram Berdan, Mmarekani, inaacha matundu mawili madogo pembeni, na sindano haina pa kupita. Historia ina mzaha wake: njia ya Mwingereza ikashika Marekani, na ya Mmarekani ikashika majeshi ya Ulaya na Asia. Matokeo yake, mtu wa Marekani huandaa ganda lake kwa dakika chache, na mtu wa Afrika anaokota maganda ya kijeshi ambayo kwa kazi hiyo hayana faida.

Hilo ndilo jambo la kiufundi. La kisiasa lilikuwa zito zaidi.

Tarehe 2 mwezi wa saba 1890 mataifa makubwa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa, na ndani yake mliwekwa sheria ya silaha kwa Afrika yote kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini. Bunduki za kisasa na risasi zake zilikatazwa kuingia kwa ajili ya wenyeji. Gobori la jiwe la cheche liliweza kuruhusiwa kwa masharti. Yaani ganda, kitu cha mashine, likawa mali ya dola. Kushindilia kwa mkono kukaachiwa raia. Miaka miwili baadaye vita vya Dola Huru ya Kongo na Waarabu na Waswahili vilianza, na mwezi wa tano 1893 Chaltin alifika Stanley Falls na kikosi chake. Safari hii upande wa magobori ulishindwa, na moja ya sababu ni kwamba meli za mto sasa zilileta masanduku ya risasi bila kukoma.

Masanduku yale yalihesabiwa. Askari wa Force Publique alipewa risasi zake kwa idadi, na katika sehemu kadhaa za nchi alitakiwa aeleze kila moja ilikwenda wapi. Maafisa waliogopa kwamba askari wanaziweka kwa ajili ya uasi au wanazitumia kuwinda nyama. Ganda tupu peke yake halikutosha kuwa jibu, kwa kuwa ganda linaweza kutoka kwa nyani aliyepigwa. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa mkono wa kuume wa mtu aliyeuawa. Aliyepiga mnyama kwa risasi ya serikali, akawa na deni la hesabu, aliweza kuukata mkono wa mtu aliye hai. Wamisionari waliandika hayo. Konsuli Roger Casement aliyakusanya katika ripoti iliyotolewa 1904 baada ya safari yake ya 1903 upande wa Ikweta. Mwaka huohuo wa 1904 Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala akiwa ameketi mbele ya mkono na mguu wa binti yake mdogo.

Kila historia ya Kongo husimulia mikono hiyo pamoja na mpira. Ni sawa, mpira ndio uliokuwa faida. Lakini kipimo kilikuwa risasi. Bei ya shaba ya kiwandani ililinganishwa na mkono wa mtu, na shaba ikaonekana ghali zaidi. Na baada ya muda shaba yenyewe ilianza kutoka hapahapa: Union Minière iliundwa 1906, na shaba ya Katanga ikaingia katika maganda ya risasi na mizinga ya Waingereza na wenzao katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Iliondoka kama madini, ikarudi kama hesabu.

Baada ya uhuru kila dola ya ukanda ilitaka mashine yake. Tanzania ilijenga Mzinga karibu na Morogoro kwa msaada wa Wachina, Kenya ikapata kiwanda chake Eldoret kwa mashine za Wabelgiji, Uganda ikawa na Luwero Industries huko Nakasongola, na Kongo ina AFRIDEX huko Likasi. Ng'ambo ya mto, Pointe-Noire, kipo kiwanda cha risasi za kuwindia ambazo zimeenea katika misitu ya Afrika ya Kati hata ganda lake la plastiki linaokotwa mbali sana na bahari.

Kisangani yenyewe haikutengeneza risasi. Ilizipokea. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 mwezi wa sita 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini kwa siku sita. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa 2010 inataja raia waliouawa kati ya 244 na 760, waliojeruhiwa zaidi ya 1,000, na nyumba zaidi ya 400 zilizobomolewa. Watu waliporudi kwenye mitaa yao walikuta maganda yametapakaa kama makapi ya mpunga baada ya kupepeta.

Yale maganda yalikuwa ya namna gani? Risasi za Kalashnikov mara nyingi hutengenezwa kwa ganda la chuma lililopakwa rangi au kufunikwa shaba nyembamba, na fataki yake ni ya njia ya Berdan. Chuma hakivumilii kubanwa na kurudishwa kwenye kipimo kama shaba njano. Hupasuka au hupata kutu. Hakuna mkono wala mota ya maana inayoyarudisha kazini. Kwa macho ya fundi yalikuwa takataka. Kwa macho ya mtoto yalikuwa filimbi, na hapo ndipo hatari ilipokaa: katikati ya maganda matupu kulikuwa na risasi ambazo hazikulipuka, maguruneti na vichwa vya mizinga. Shirika la Handicap International lilianza kazi ya kutegua vitu hivyo Kisangani mwaka 2001. Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliiamuru Uganda tarehe 9 mwezi wa pili 2022 ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita, na familia nyingi za mji huu bado zinafuatilia sehemu yao.

Tangu 2023 silaha zinazotajwa sana upande wa kushoto wa mto ni nyingine. Katika mgogoro wa Wambole na Walengola, ulioanza na ugomvi wa ardhi na kuwatoa maelfu ya watu vijijini hadi Lubunga na kwingine mjini, waliokimbia wamesimulia mishale, mapanga na bunduki za kaliba 12. Hiyo ni bunduki ya mwindaji. Misituni mwenye bunduki mara nyingi si mwindaji mwenyewe: ni mfanyabiashara, chifu au mtu mwenye cheo, anayempa mwindaji bunduki na risasi kwa idadi, kisha anangoja nyama. Hesabu ya risasi, kwa namna moja au nyingine, haijaondoka msituni.

Na kwa sababu risasi ya kaliba 12 ni ghali kwa mtu wa pori, kuna wanaolijaza tena ganda lake. Hapa mkono ndio chombo pekee. Lakini ganda la siku hizi ni plastiki yenye kitako chembamba cha chuma, halikutengenezwa kwa maisha marefu, na mdomo wake hupasuka upesi. Wale wa Marekani wanaolijaza hutumia vipimo vilivyochapishwa, baruti inayojulikana na mtutu uliopimwa kiwandani. Mtu asiye na hata kimoja kati ya hivyo, tena mwenye mtutu uliotengenezwa na mhunzi kwa bomba la maji, anaweka uso wake inchi chache kutoka kwenye jambo asilolijua. Mtutu ukipasuka, mkono wa kushoto unaoushika ndio wa kwanza kuondoka.

Sheria haiko kimya. Amri ya sheria namba 85/035 ya tarehe 3 mwezi wa tisa 1985 inaweka silaha na risasi chini ya kibali cha serikali. Mkataba wa Kinshasa, uliopitishwa na nchi za Afrika ya Kati tarehe 30 mwezi wa nne 2010 na kuanza kutumika mwezi wa tatu 2017, unataja hata katika jina lake risasi pamoja na sehemu zote zinazoweza kutumika kutengeneza, kurekebisha au kuunganisha silaha. Waliouandika walijua historia ya Samori na ya Stanley Falls, au angalau walifikia palepale: ukizuia bunduki peke yake hujazuia kitu.

Lipo jambo la mwisho kuhusu kitako cha ganda, na linawahusu sana walioacha vijiji vyao. Kiwanda hupiga muhuri pale, kwa kawaida namba au herufi chache zinazoonyesha kiwanda, na kwenye risasi nyingi za kijeshi hata mwaka. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaofuatilia silaha za mashariki ya Kongo husoma mihuri hiyo ili kujua risasi ilitoka nchi gani na ilitengenezwa lini. Ganda lililojazwa upya kwa mkono linaendelea kubeba muhuri wa zamani, kwa hiyo linasema uongo: linataja kiwanda cha mbali kwa risasi iliyofungwa nyuma ya nyumba. Mchunguzi mzoefu hutambua kwa mikwaruzo ya chombo, kwa fataki ya aina tofauti na kitako chake, kwa mdomo uliobanwa mara mbili.

Lakini ataweza kutambua tu kama ganda bado liko pale lilipoangukia. Likisafishwa, likiuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu, au likichezewa na watoto kambini, mahali lilipotoka panapotea, na pamoja napo jina la aliyepiga. Familia inayorudi kutazama shamba na kukuta maganda kando ya nyumba iliyochomwa ifanye hivi: isiyaguse, iwaondoe watoto, iweke alama ya mahali kwa mti au jiwe mbali kidogo, iandike siku na idadi inayoonekana kwa macho, ipige picha kama simu ipo, kisha itoe habari kwa chifu wa mtaa, polisi au ofisi ya mwendesha mashtaka. Kitu kinachoonekana kama risasi nzima au kipande cha guruneti kisisogelewe hata kwa fimbo.